Kecak ya Uluwatu: ufike saa ngapi, uvae nini

Umeuliza kama kufika saa 12 kasoro jioni kunatosha kuona Kecak, ngoma ya kuigiza hadithi, hapo kwenye hekalu la Uluwatu, Bali (Indonesia). Umechelewa: ngoma huanza saa 12 na viti havina namba. Fika saa 10 na nusu. Tiketi ya hekalu na ya ngoma ni mbili tofauti. Magoti yafunikwe, saruni huazimwa mlangoni.

Miwani ifiche kabisa mkobani, maana nyani wa pale ni wezi hasa, na simu pia huikwapua. Safu ya mbele huwa karibu mno na moto Hanuman, yaani mhusika nyani wa hadithi hiyo, anapoupiga teke, kaa katikati. Usingoje vyombo vya muziki: ni sauti za wanaume tu, “cak-cak-cak”, kwa takriban saa nzima.