Jibu kwa ndugu wa Wete: hilo gitaa la nyuzi kumi na mbili

Wa alaykumu salaam, mdogo wangu.

Umesema unapiga gitaa la nyuzi sita mwaka wa nne sasa, vikazi vya hoteli unapata, na kuna mtu Unguja anakuuzia la nyuzi 12 kwa laki nne na nusu. Unauliza kama bei ni ya haki, kama vidole vitaweza, na kama litaingia kwenye taarab. Wenzangu hapo juu wamekujibu kwa neno moja moja, huyu "chukua", yule "achana nalo". Mie nnalo la pili hivi sasa. La kwanza lilinifia, na nitaanza na hilo maiti kwa sababu ndiko jibu lako liliko.

Nililinunua Darajani baada ya magharibi, chini ya taa ya duka, kwa mtu aliyesema kaachiwa na mgeni aliyefunga nyumba yake akarudi kwao. Akapiga kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) moja tu ya sol, kutoka juu hadi chini, nami nikaishiwa maneno. Uelewe mie ni mtoto niliyejifunza kwenye gitaa lililofungwa waya wa breki ya baiskeli, uliofumuliwa uzi mmoja mmoja. Nikatoa laki tatu na nusu bila hata kuomba kupunguziwa. Nililitazama mbele, nyuma, ndani ya tundu. Ubavuni sikutazama.

Masika yalipofika katikati, tumbo la lile gitaa lilikuwa limefura nyuma ya daraja kama chapati kikaangoni. (Daraja ni kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi.) Nyuzi zikapanda juu, nikawa nabonyeza kama nakamua nguo. Usiku mmoja nimelala, nikasikia mshindo kama nazi imeangukia bati. Nikawasha taa: daraja limeng'oka zima zima, linaning'inia kwenye nyuzi zake kumi na mbili. Nikalipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza maudi Mji Mkongwe. Hakusema kitu. Akakwaruza kwa ukucha pale daraja lilipokuwa limekaa, likatoka ganda gumu la manjano, linang'aa kama kioo. Supa gluu. Kumbe lilishang'oka kabla yangu, na aliyeniuzia akalibandika kwa gundi ya kubandikia ndala.

Sasa sababu yake. Gitaa la kawaida la nyuzi sita za chuma linavutwa kwa nguvu ya kama kilo 70 hadi 75. Ukitia nyuzi 12, hata zile nyembamba, unapita kilo 100. Chukulia mapolo mawili ya mchele ya kilo hamsini hamsini yamening'inizwa kwenye kibao kilichoshikwa na gundi tu, mchana na usiku, na wewe umelala. Kisha uongeze hewa yetu. Ubao unakunywa unyevu unavimba, kaskazi ikivuma na jua lake gundi inachoka, masika yakirudi unakunywa tena. Wanaouza magitaa haya Ulaya wanawaonya wateja wao kuhusu ukavu wa msimu wa baridi. Sisi tatizo letu ni kinyume chake kabisa, kwa hiyo ushauri mwingi utakaousoma wa kuwekea gitaa kitambaa chenye maji ndani ya kasha, tafadhali usiufuate hapa, utaotesha uyoga.

Basi ukienda kuliona, beba kipande cha karatasi nyembamba na kadi tatu za benki.

Karatasi ni ya daraja. Ichomeke kwa nyuma, upande unaoelekea mkiani, ujaribu kuipitisha chini ya kibao. Ikiingia hata kidogo, gundi imeshaanza kuachia. Halafu weka jicho usawa wa tumbo, ulitazame ubavuni. Uvimbe mdogo sana ni wa kawaida kwa nyuzi 12, usiogope. Lakini ukiona kilima nyuma ya daraja na bonde mbele yake karibu na tundu, rudisha gitaa kwa mwenyewe na umshukuru.

Kadi ni za kupima urefu wa nyuzi. Kadi moja ya benki ina unene wa kama milimita 0.76, tatu zikibanana ni milimita mbili na robo na ushei. Zipitishe juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukingama shingoni), chini ya uzi mnene. Zikiteleza zikigusa uzi kidogo, gitaa linapigika. Kukibaki nafasi ya kadi mbili nyengine, utaumia, na mara nyingi dawa yake ni kazi ya shingo nzima, si ya kukaza skrubu. Ile skrubu ya ndani ya shingo, inayozungushwa kwa kifunguo cha pembe sita, inanyoosha shingo iliyopinda. Shingo iliyoegama pale inapoungana na tumbo haiwezi, na huo ndio ugonjwa wa magitaa ya nyuzi 12 ya zamani.

Na kabla ya yote hayo, tazama limekazwa sauti gani. Toa simu, fungua programu ya kutyuni (kupima sauti ya nyuzi), piga uzi mmoja mmoja. Muuzaji mjanja hulilegeza toni mbili au tatu, tumbo likatulia, nyuzi zikashuka, ukaona gitaa zuri. Mwambie alikaze sawa leo, uje ulitazame kesho. Zungusha funguo zote kumi na mbili za kukazia nyuzi pia. Moja ikiwa inateleza, utaijua siku ya harusi ya mtu.

Bei. Jipya la heshima, mfano Yamaha FG820-12 ambalo kifuniko chake, yaani ubao wa tumbo, ni ubao halisi wa mti wa spruce, litapita milioni kabla hujalipia usafiri. Kwa hiyo laki nne na nusu kwa lililonyooka si mbaya. Kwa lililovimba, ni hela ya kununulia kuni. Na usione haya kununua lenye kifuniko cha plaiwudi. Wajuzi watakwambia sauti yake ni butu, na kweli ubao halisi unaimba zaidi, ila plaiwudi inavumilia unyevu vizuri, na mie la pili ndilo hilo. Nalala usingizi.

Kuna jambo nilitamani mtu aniambie mapema, lingeniokolea laki tatu na nusu. Nunua seti moja tu ya nyuzi 12. Toa zile sita nyembamba, yaani mi na si za kawaida (uzi wa kwanza na wa pili), pamoja na wenzao wadogo wa sol, re, la na mi ya chini, wale wanaolia oktavu moja juu, yaani sauti ile ile ila nyembamba zaidi. Zifunge kwenye gitaa lako la nyuzi sita. Halitadhurika, mvuto wenyewe ni mdogo kuliko wa kawaida. Marekani mtindo huu wanauita kwa jina la mji wa Nashville, na kwenye studio wanautumia sana. Azima gitaa la mwenzako, rekodi kwenye simu wimbo wako mmoja, kisha upige juu yake kwa hilo lenye nyuzi nyembamba. Hiyo ndiyo sauti ya nyuzi 12, imegawanywa magitaa mawili. Kaa nayo wiki mbili. Wengine hamu inaishia hapo hapo, wengine wanagundua kwamba walichokuwa wakikitafuta ni hicho, wala hawahitaji gitaa jengine.

Vidole vitaweza. Shingo ni pana kidogo, milimita 46 hadi 48 pale kichwani, wakati la kawaida ni 43 au 44. Ila nyuzi ziko mbili mbili, kwa hiyo ile tabia ya kusimamisha ncha ya kidole iache. Laza kidole kidogo, nyama ibonyeze jozi nzima. Kodi za kulaza kidole shingo nzima zitakutesa mwanzoni, tumia kapo (kile kibanio cha shingoni) bila aibu. Kuvuta uzi ili ulie kama blues sahau, jozi hazivutiki sawa. Piki, kile kipande cha kupigia nyuzi, iwe nyembamba. Na ujue kwamba kwenye magitaa mengi uzi mdogo wa oktavu ndio uko juu ya ule mnene, kidole gumba kikishuka kinaukuta kwanza, ndiyo maana besi zake zinameta. Kampuni ya Rickenbacker wameugeuza mpangilio huo, mnene unaanza, na ndiyo maana magitaa yao ya umeme yanalia vyengine.

Kutyuni ndiko kunakokatisha watu tamaa. Mie hukaza nyuzi sita kubwa kwanza, wenziwe nimewabana kwa kidole wasilie, kana kwamba ni gitaa la kawaida. Zikitulia, ndipo naleta wale wadogo mmoja mmoja, na hapo simu naiweka chini natumia sikio. Nyuzi mbili zikikaribiana utasikia sauti inapanda na kushuka, wau-wau-wau, kama mawimbi. Unakaza kidogo mno, mawimbi yanachelewa, yanachelewa zaidi, halafu bahari inalala. Simu haikuonyeshi hilo. Inakuonyesha taa ya kijani tu, huku jozi bado zinagombana.

Uzi utakaokukatikia ni sol ndogo. Ni mwembamba kuliko wote, kama milimita 0.2, na unatakiwa ulie juu kuliko uzi wa kwanza, sawa na kubonyeza uzi wa kwanza freti ya tatu. Usikaribishe uso wako unapoukaza. Ukienda Dar, nunua wa akiba minne mitano, kwa sababu huku utauziwa seti nzima ya sita ambayo uzi huo haumo.

Lakini siri kubwa ya kulifanya liishi kwetu ni hii: usilikaze mpaka mi, ile sauti ya kawaida. Lishushe toni nzima, iwe re, sol, do, fa, la, re. Kwa kushuka toni moja tu mvuto unapungua kama asilimia 20, yaani umeshusha kilo ishirini na kitu kutoka kwenye yale mapolo mawili. Ukitaka kupiga na wenzako, bana kapo freti ya pili, umerudi pale pale, na nyuzi zimekuwa laini kuliko mwanzo. Si uvivu wala si jambo jipya. Lead Belly, yule mfalme wa nyuzi 12 wa Marekani, alilishusha chini zaidi ya hapo, na sauti yake hadi leo inatikisa meza. Langu limepita masika matatu hivi, na ile karatasi bado haiingii.

Usilitundike kwenye ukuta wa nyumba za mawe. Mawe yale ya matumbawe na chokaa yanatoa jasho, utalikuta gitaa lina ukungu mgongoni. Liweke ndani ya kasha, na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, usivitupe. Futa nyuzi kila ukimaliza. Ukiweza kununua zile zenye utando, kama Elixir, zitahimili chumvi miezi ambayo nyengine zinahimili wiki, na ukikumbuka kwamba ni kumi na mbili za kubadilisha, bei yake si ghali. Kwenye boti ya kurudi Pemba lilegeze toni mbili, na ukae nalo ndani. Wakikwambia liende nje kwenye mizigo, kataa kwa adabu, kisha kataa tena.

Taarab nimeiacha mwisho kwa sababu jibu lake lina pande mbili. Upande mmoja, masikio yetu yamezoea nyuzi za jozi tangu zamani: udi wa kawaida una nyuzi 11, jozi tano na besi moja peke yake, na kanuni, kile chombo cha nyuzi kinacholazwa, ina nyuzi tatu tatu kwa sauti moja. Ukipiga nyuzi 12 mbele ya wazee hawatashangaa, watasema linafanana na kitu. Upande wa pili ni freti. Rasti na bayati, ambazo ni maqamu (ngazi za sauti za Kiarabu), zina zile sauti za katikati ambazo udi unazipata kwa kusogeza kidole, na wewe umefungiwa vyuma. Nahawandi, hijazi, ajam na kurdi utazipiga bila shida. Wimbo ukiwa wa rasti, nyamaza au shika besi.

Nilijaribu mara moja kukaa karibu na mpiga kanuni. Baada ya wimbo wa pili alinitazama tu, nikaelewa. Vyombo viwili vinavyometa juu ya sauti zile zile vinafutana. Kwenye kikundi kidogo, fidla moja, dumbaki, mwimbaji, wala hakuna kanuni, hapo linakaa vizuri mno, na kwa vile unapiga hotelini, hapo ndipo hela yako itakaporudi.

Niandikie siku unayovuka. Nikiwa sina kazi Nungwi, nitakuja mjini tulitazame pamoja, kadi nnazo. Na muuzaji akikataa usichomeke karatasi chini ya daraja, panda daladala yako.