Mke wangu anataka kuusia theluthi ya shamba kwa yatima, nimzuieje?

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 58, naishi Makorora, Tanga. Mke wangu kaniambia anaandika wasia, theluthi ya shamba letu la minazi kule Pangani iende madrasa ya yatima. Nimekataa, watoto wataumia, naona kuna watu wanamjaza maneno. Shamba alirithi kwa babake ila mie ndo nalisimamia, hata hela ya bodaboda yangu alinikopesha kwenye nazi za pale. Nimzuieje?"

Marahaba baba. Pole, mkeo kukutajia kifo chake si jambo dogo.

Ila barua yako nimeisoma mara tatu. Umeanza na shamba letu ukaja ukasema alirithi kwa babake, sa lilikua lenu lini? Mali ya mke ni ya mke, kulisimamia hakukupi umiliki. Na hao watoto wataoumia hujanitajia hata umri wao, mtu mwenye mtoto mdogo hasahau hilo. We unalilia fungu lako, na nani kakwambia yeye ndo atatangulia?

Mkeo hajakosea popote. Sahaba Saad bin Abi Waqqas alitaka kutoa theluthi mbili ya mali yake, Mtume (s.a.w.) akamkatalia, akamkatalia na nusu, akamwambia theluthi, na theluthi ni nyingi. Mkeo kaishia hapohapo kwenye mpaka, wala hakuhitaji ruhusa yako, angezidisha hapo ndo warithi mngekua na la kusema. Akifa yanatolewa mazishi, madeni, kisha wasia, kinachobaki ndo mirathi, na wewe mume mkewe akiacha watoto unapata robo. Robo yako inahesabiwa kwenye hicho kinachobaki, yatima hawajakunyima haki yako.

Ndoa za siku hizi zinanitia huzuni kweli, mtu analala na mwenzie kitanda kimoja huku anampigia hesabu za urithi, zamani mume angeona fahari mkewe kuacha sadaka inayoendelea. Mla cha mwenzie na chake huliwa.

Kitu ambacho ungemsaidia ni maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari, wasia wa mdomo ndugu wataukana siku ya arobaini. Mpeleke mwenyewe RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanasaidia kuandika na wanautunza, au aende kwa wakili, mashahidi wawe watu wasiopata kitu. Akitaka yatima wafaidi angali hai, aweke wakfu fungu hilo sasahivi, yaani alitoe moja kwa moja liwe la sadaka.

Na hiyo hela ya bodaboda ni deni baba, umeandika mwenyewe alikukopesha. Mlipe.