Kiyoyozi kwenye boti ndogo ya kabini moja (chumba cha ndani): anza na umeme

Ndugu, umeuliza kama kiyoyozi cha BTU 5,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kitatosha kabini yako na kama betri zitakibeba. Kutosha, kwa kabini ndogo ya kulala watu wawili, kitatosha. Betri ndiyo shida. Mashine hiyo hula kama wati 500, yaani zaidi ya ampea 40 kwenye mfumo wa volti 12. Betri ya asidi ya Ah 100 (ampea-saa 100), ambayo si vizuri kuishusha chini ya nusu, itakupa saa moja hivi. Panga umeme wa gatini au jenereta.

Kingine kinachowaponza wengi ni pampu ya maji ya bahari yanayoipoza mashine. Nyingi haziwezi kujivutia maji zenyewe, kwa hiyo ifunge chini ya usawa wa maji, kichujio kikiwa kabla yake, na bomba lipande moja kwa moja hadi kwenye mashine bila kujikunja. Likijikunja, hewa itanasa na mashine itajizima.

Maji yanayodondoka kwenye mashine hewa yenye unyevu ikipozwa yatoe nje, yasiingie ngamani (sehemu ya chini kabisa ya boti). Na kama unatumia jenereta, king'ora cha kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wake, ni lazima, hapo sikubembelezi.