Peni ndogo ya wino ya kujaza kwa sirinji: kinachovujisha ni hewa

Mkuu mleta mada, nimeona swali lako limejibiwa kwa mstari mmoja ("zote zinavuja, nunua biki maisha yaendelee") nikaona hujatendewa haki. Umesema uko Kigoma, kaka yako anakuja kutoka Ujerumani na atakuletea Kaweco Sport, peni ndogo ya wino ya huko, na unauliza kama inafaa kuijaza wino moja kwa moja mwilini bila katriji (kile kichupa kidogo cha plastiki cha wino), kama itakuchafulia shati kwa joto letu, na wino utaupata wapi. Mimi niko Tabora, ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, na peni za namna hii ndizo ninazotembea nazo. Ninazo mbili: Kaweco Sport ya plastiki inayoonyesha ndani, na Wancai ya Moonman ya China, kampuni ambayo siku hizi inaitwa Majohn. Nitajibu kwa urefu, nivumilie.

Jibu lenyewe: inafaa, na inafaa kwa sababu ni ndogo. Wengi wakisikia peni ya kujaza mwilini wanakimbilia dude kubwa linalomeza wino wa mwezi mzima. Kwa huku kwetu dude hilo ndilo litakalokuaibisha.

Peni zikijazwa hivi hazitumii konveta wala pistoni, vile vidude vya kunyonyea wino. Wino umekaa kwenye mwili mtupu na juu yake kuna hewa. Kadiri unavyoandika, wino unapungua na hewa inaongezeka. Hewa ikipata joto la kiganja inatanuka, na kwa kuwa nyuma kumezibwa, inausukuma wino utokee mbele, kupitia kile kipande cheusi chenye mifereji kilichobeba nibu, yaani ncha ya kuandikia. Piga hesabu mwenyewe. Peni imelala mezani kwenye nyuzi 25, ukaishika ikafika 35: hewa iliyomo imetanuka asilimia 3 na kitu. Kama hewa ni mililita 1, kinachosukumwa ni mililita 0.03, hata tone moja halijafika, na ile mifereji ina nafasi ya kukihifadhi. Kama ni peni ya mililita 4 iliyobaki na wino wa mililita 1, ndani una mililita 3 za hewa. Inasukumwa mililita 0.1, yaani matone mawili mazima, katikati ya ukurasa. Kaweco Sport ikijazwa hivi inabeba zaidi kidogo ya mililita 2. Hata ukiizembea, hewa haipati nafasi ya kuwa nyingi.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: wino ukifika theluthi ya mwisho, ongeza. Usisubiri uishe. Hapo utaniuliza faida iko wapi kama theluthi huitumii. Katriji fupi inabeba takriban mililita 0.8, kwa hiyo hata ukiacha theluthi bado umeandika karibu mara mbili ya katriji, na umenunua wino wa chupa ambao ni nafuu zaidi kwa mililita. Nami katriji Tabora sijaziona dukani. Ndiyo maana pia nakushauri umwambie kaka achukue ile ya plastiki inayoonyesha ndani. Rangi nyeusi ni nzuri machoni lakini utakuwa unabahatisha wino umefika wapi.

Tena si kwamba tunalazimisha peni kufanya isichopaswa. Waterman, yule mtengeneza peni za wino, alipopata hataza yake Marekani mwaka 1884, peni za wino zilikuwa zinajazwa hivihivi, kwa kidude cha kudondoshea matone. Mambo ya mpira wa kunyonya wino ndani yalishika baadaye. Kaweco nao ni wakongwe wa Heidelberg, wametokea 1883, ingawa jina sasa liko mikononi mwa kampuni ya Nürnberg. Sport yenyewe ikifungwa ina sentimita 10.5, ukichomeka mfuniko nyuma inafika kama 13 na inakuwa peni kamili mkononi.

Angalizo kwenye ununuzi. Kaka asije akashawishika na Sport ya alumini au ya shaba nyeupe kwa sababu inang'aa. Za chuma si za kujaza mwilini: wino unaweza kuila kwa ndani, na chuma kinapitisha joto la mkono upesi kuliko plastiki, ukirudi kwenye hesabu ya hapo juu utaelewa. Na si kila peni ya plastiki inakubali. Lamy Safari, kwa mfano, ina vidirisha mwilini. Ukimimina wino unatokea pembeni. Wahindi wanatengeneza nzuri za eboniti, ule mpira mgumu, na eboniti haipitishi joto kirahisi, ila nyingi ni ndefu na swali lako ni la mfukoni.

Sasa kuiandaa, hapa ndipo watu wanaharibu. Pale kwenye thredi, kichwa chenye nibu kinapojifungia mwilini, panataka grisi ya silikoni. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukasema "silikoni" utapewa ile ya tyubu ya kuzibia vioo na masinki. Hiyo ni gundi, ikikauka umeunganisha peni yako moja kwa moja. Usichukue. Mafuta ya mgando nayo usipake, hata kama yapo ndani ya nyumba na yanaonekana yanafaa: yanalainika na joto, na yanaharibu taratibu oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, kama peni inayo. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba inaweza kukusitiri siku moja mbili, lakini ukiizungusha mizunguko mingi halafu ukakaza, plastiki inapasuka. Mwambie kaka alete kikopo kidogo cha grisi ya silikoni pamoja na peni. Ni kitu kidogo na kitakukalisha miaka.

Kujaza kwenyewe ni hivi. Osha kichwa na mwili kwa maji safi ya baridi, kausha kabisa. Grisi haishiki penye unyevu. Chukua grisi kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, ipake kuzunguka thredi, funga na kufungua mara mbili tatu, na ile inayojitokeza nje uifute. Thredi ikiwa na grisi ya kutosha utaona kwenye plastiki angavu ule ukungu wa hewa umepotea na kumekuwa na mstari mmoja laini kuzunguka pande zote. Ukiona mahali pamekatika, ongeza hapo. Nunua sirinji ya mililita 5 duka la dawa, vuta wino, simamisha mwili wa peni kwenye kikombe kidogo, mimina polepole ukiegemeza ncha ukutani kwa ndani mpaka chini kidogo ya thredi. Usijaze hadi mdomoni, kichwa kinahitaji nafasi yake. Funga kwa vidole tu mpaka kigome. Geuza nibu ichungulie chini juu ya tishu, acha dakika chache wino ushuke, futa, andika. Sirinji ioshe, iandike "WINO" kwa mwandiko wowote, na uiweke mbali na watoto.

Wino. Stationari zetu ukisema wino unapewa wa muhuri. Ukikataa unapewa wa printa. Yote miwili ni kifo kwa peni. Wa muhuri ni mzito na umetengenezwa usikauke kwenye pedi, utaziba mifereji. Ule mweusi wa wachoraji nao ukikauka ndani hautoki. Unataka chupa iliyoandikwa kuwa ni ya peni za wino, kama Quink ya Parker, ambayo chupa yake ya mililita 57 itakujazia Sport zaidi ya mara 25. Kwa kuwa kaka anatoka Ujerumani, huko Pelikan 4001 ni wino wa kawaida madukani. Bluu yao ya Royal Blue inafutika kwa maji, nzuri kwa shati, mbaya kwa daftari litakalonyeshewa. Bluu-nyeusi yao ina chuma, inastahimili maji kwenye karatasi, ila usiiache ikaukie ndani ya peni. Mimi naandika na bluu-nyeusi kwa sababu daftari langu linapita kwenye magodauni na mvua za masika, na peni naisafisha kila mara wino unapoisha. Usichanganye kampuni mbili humo ndani. Wino unaweza kukatika na kuacha matope.

Kusafishia maji ya kunywa yanatosha. Kuna mtu alishauri kwenye uzi mwingine "maji ya betri". Maji ya betri yaliyo maji matupu (distilled) ni mazuri kweli, lakini huku kwetu asidi ya betri inakaa rafu hiyohiyo kwenye chupa inayofanana, na muuzaji naye anaita yote maji ya betri. Sioni sababu ya kucheza bahati nasibu.

Kubeba. Nibu iangalie juu, muda wote. Ikiwa juu, hewa ndiyo iliyo karibu na mlango, ikitanuka inatoka yenyewe na wino unabaki. Ikilala, wino ndio unaosukumwa. Sport ya plastiki inauzwa bila klipu, klipu unainunua pembeni, na bila klipu kipeni hiki kifupi kinalala mfukoni kama samaki. Nilimpelekea fundi cherehani mashati yangu ya kazi akanishonea ndani ya mfuko wa kifuani mstari mmoja wa wima, upana wa vidole viwili hivi, peni inaingia humo na kusimama hata nikiinama kwenye mzani. Dakika tano za kazi kwa shati. Mfuko wa suruali sahau: kuna joto la paja, na ukikaa peni inalala.

Bodaboda ni suala tofauti, pale si joto, ni mtikisiko. Barabara ya vumbi kuelekea vijijini inatikisa wino mpaka unajaa kwenye mfuniko hata kama peni imesimama. Nikifika naifungua juu ya tishu, nafuta nibu na ndani ya mfuniko, basi. Wewe wa Kigoma ukipanda treni kuja huku, ziwa liko kama mita 770 juu ya bahari na Tabora kama mita 1,200. Hewa ya nje inapungua nguvu kwa asilimia tano hivi, lakini inapungua usiku kucha, taratibu, na peni iliyosimama haitahisi kitu. Ndege ndiyo yenye kesi. Hewa ya ndani ya ndege kubwa inaweza kushuka hadi kulingana na ya mlima wa mita 2,400, na ukitokea Dar kwenye usawa wa bahari hewa iliyomo kwenye peni inataka kutanuka kwa theluthi nzima. Mililita 1 ya hewa inasukuma matone sita. Siku ya kusafiri ijaze mpaka usawa ule wa chini kidogo ya thredi ili hewa ibaki kidogo sana, au imwage kabisa uioshe. Nusu nusu ndiyo inayochafua mabegi ya watu, halafu wanakuja humu kusema zote zinavuja.

Unene wa nibu: chukua F (nyembamba), au EF (nyembamba zaidi) kama utaandikia zaidi kaunta buku. Karatasi za kaunta buku zinatofautiana hata ndani ya buku moja, kuna kurasa wino unatambaa kama mizizi na kutokea upande wa pili, na nibu nene inaongeza tatizo. Za Kijapani huwa nyembamba zaidi ya za Ulaya kwa herufi ileile, kama siku moja utapata Platinum Preppy, ambayo nayo inakubali kujazwa mwilini, ingawa ni ndefu kwa mfuko.

Na biki usiitupe, hapo nakubaliana kwa nusu na yule mdau aliyekwambia ununue biki. Stakabadhi za nakala tatu zinataka kukandamizwa ili karatasi ya chini isomeke, na nibu ukiikandamiza inapanuka miguu, haiandiki tena vizuri. Msimu wa masoko ya tumbaku stakabadhi zote ni biki. Peni ya wino ni ya daftari langu, ya muhtasari wa vikao na ya sahihi. Biki hiyohiyo ndiyo ninayoitoa nikiombwa peni. Mtu aliyezoea biki atakandamiza, hana kosa, na ya kwako ndiyo itakayopona.

Kaka akishafika, kabla ya kutia wino paka grisi, ijaze maji matupu, ifunge kwenye tishu na uiache usiku mzima ikiwa imelala. Asubuhi tishu ikiwa na unyevu pale kwenye thredi, grisi haijatosha. Ukiwa mbele kwenye nibu tu, hiyo ni ile hewa niliyoieleza. Ukishindwa kutofautisha piga picha karibu, weka hapa, tutaangalia.