Mzee na lutetiamu: anza na picha, jeni zifuate

Ndugu wa Mbale, umeuliza hivi: saratani ya tezi dume ya baba imefika kwenye mifupa, sindano za homoni hazishiki tena, dawa ya kemo ya dosetakseli ameshapewa, na sasa mmetajiwa lutetiamu 177, dawa ya mionzi ya mshipani, nje ya nchi. Unataka kujua kama mlipie kwanza kipimo cha jeni ili kijulikane kama dawa itamfaa. Jibu langu: pesa za kwanza ziende kwenye picha ya PET ya PSMA, yaani skani inayoonyesha mahali dawa hiyo itakaponasa. Jeni zina kazi yake kubwa, lakini kumchagulia mtu lutetiamu si kazi yake.

Dawa hiyo hunasa PSMA, protini inayokaa juu ya seli za saratani hii, kisha lutetiamu iliyobebwa humo huiunguza seli kwa mionzi ya beta. Mionzi hiyo haivuki milimita 2 hivi. Donda (yaani uvimbe wa saratani popote mwilini) lisilo na PSMA, tena lililo mbali na lenye nayo, halipati kitu. Ndiyo maana katika utafiti wa VISION wa mwaka 2021, wagonjwa 831, sharti lilikuwa picha: madonda yang'ae kuliko ini, na pasiwe na donda kubwa lisilong'aa. Waliopata lutetiamu pamoja na matibabu ya kawaida, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 15.3, kwa waliopata matibabu ya kawaida peke yake ilikuwa 11.3. Omba ripoti iandike wastani wa SUV, kipimo cha mng'ao kwenye PET, wa madonda yote. Katika utafiti wa TheraP wa Australia, wenye 10 na kuendelea ndio walioitikia vizuri zaidi. CT yenye dawa ya mshipani ifanyike pia, maana doa la ini lisilowaka kwenye PET huonekana huko.

Mashine za PET zilizo karibu nanyi ziko Nairobi, Aga Khan na hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Piga simu kwanza uulize PSMA kwa jina, maana PET ya FDG, inayotumia sukari, ni kipimo kingine. Na mfike jana yake. Galiamu 68, kiini cha mionzi kinachotumika kwa picha hiyo, hupungua nusu kila dakika 68. Mkikwama mpakani Malaba kwa muda wa saa mbili, dozi iliyotengenezwa kwa ajili yake imebaki chini ya theluthi.

Sasa jeni. Mtu angetegemea kwamba mwenye BRCA2 au ATM, jeni za kutengeneza DNA, iliyoharibika ataitikia zaidi, kwa sababu mionzi hukata DNA na seli zake hazijui kuiunga. Kwa wagonjwa halisi matokeo hayajakubaliana: kuna tafiti zilizoona nafuu kubwa zaidi, nyingine hazikuona tofauti. Kwa hiyo asikunyime mtu lutetiamu kwa sababu BRCA ni nzima, wala asikuahidi makubwa kwa sababu imeharibika. TP53, jeni ya kuzuia saratani, ikiharibika ni dalili mbaya inayojirudia zaidi katika tafiti. Ikipotea pamoja na jeni nyenzake RB1, seli huweza kugeuka aina inayofanana na za neva na kuivua PSMA. Hapo ndipo familia hudanganyika: PSA, kipimo cha damu cha saratani hii, iko chini, wote wanafurahi, huku ini linajaa. Mgonjwa wa namna hiyo asifuatwe kwa PSA peke yake. Apigwe picha, na donda la ini lichukuliwe biopsi, kipande cha kupimwa.

Faida ya kupima BRCA iko kwingine. Ikiwa imeharibika, kuna dawa ya olaparibu, vidonge vya miligramu 300 mara mbili kwa siku. Ni ghali mno kwa familia nyingi, ndiyo maana mimi ningeuliza mapema Mulago, Taasisi ya Saratani, kuhusu kaboplatini, dawa ya zamani ya bei nafuu ambayo uvimbe wa BRCA2 mara nyingi huisikia. Na kama amezaliwa nayo, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi, mabinti pia, ambao kwao ni hatari ya saratani ya matiti na ovari. Hiyo huonekana kwa damu au mate.

Jeni za uvimbe wenyewe zinahitaji bloku ya nta ya biopsi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Nenda maabara iliyosoma biopsi uiombe bloku yenyewe, si vioo tu. Uliza nyama ilikaa muda gani kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi: asilimia 10 iliyosawazishwa asidi, saa 6 hadi 72, ndiyo salama. Iliyosahaulika humo wiki mbili, DNA yake imekatikakatika. Kipande cha mfupa kilicholainishwa kwa asidi kali msikitume kabisa.

Bloku ikishindikana, kuna kipimo cha damu kinachotafuta DNA ya uvimbe. Itolewe PSA inapopanda, kabla ya dawa mpya. Mgonjwa akiwa na nafuu, DNA ya uvimbe ni kidogo na jibu la "hakuna" halina maana. Chupa maalumu ya mililita 10 ijazwe, igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10, isafiri bila barafu. Na waambieni wapime pia chembe nyeupe za chupa hiyohiyo. Kwa wazee, chembe za damu zenyewe hubeba mabadiliko ya ATM na TP53, yakasomwa kama ya saratani.

Kabla ya kukata tiketi pimeni damu hapahapa. VISION ilitaka himoglobini 9 au zaidi, chembe sahani (za kugandisha damu) 100,000, na figo zinazochuja angalau mililita 50 kwa dakika. Mpigeni ultrasaundi pia: mkojo ukiziba, figo huumia na mionzi hukaa mwilini.

Dozi ni gigabekereli (kizio cha mionzi) 7.4 kila wiki 6, hadi mara 6, kwa hiyo pigeni hesabu ya safari zote, si ya kwanza. Kila akirudi alale chumba peke yake siku 3, mbali na watoto siku 7, na mjamzito siku 15. Akojoe ameketi. Barua ya hospitali inayotaja lutetiamu na tarehe ya dozi iwe mfukoni mwake, kwa sababu vipima mionzi vya uwanja wa ndege vinaweza kulia wiki kadhaa baadaye.