Neno "moto" katika lugha nne: kidahizo kimoja au vingi?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Natengeneza kanzidata ya maneno ya lugha mbalimbali kwa ajili ya programu ya kamusi. Nikitafuta "moto" napata Kiswahili, Kilingala, Kitaliano na Kijapani, na maana zake hazikaribiani: moto unaowaka, mtu, mwendo, asili. Mwenzangu anasema tuweke kidahizo kimoja (neno linaloorodheshwa na kuelezwa peke yake katika kamusi) chenye maana zote, kwa kuwa neno ni lile lile. Je, yuko sahihi? Na tutajuaje kama maneno yanayofanana yana chanzo kimoja au yamekutana tu?

JIBU: Marahaba. Mwenzako hayuko sahihi, na mkifuata ushauri wake kanzidata itawasumbua mpaka mwisho. Mlichokipata ni tahajia moja. Neno ni umbo pamoja na maana yake ndani ya lugha fulani. Ukiliondoa kwenye lugha yake hubaki na herufi tu. Kwa hiyo kila lugha ipewe kidahizo chake, na baadhi ya lugha zitahitaji zaidi ya kimoja.

Tuanze na Kiswahili. "Moto" wa kuni, "maji ya moto" na "mchezaji yuko moto" ni matumizi matatu ya neno moja. Maana ya msingi ni ile ya kuwaka, nyingine zimechipuka kutoka hapo, na mzungumzaji yeyote anauona uhusiano wake. Hiyo ni polisemia, na hapo ndipo kidahizo kimoja chenye maana kadhaa kinapofaa. Sasa nenda kwenye Kitaliano. Kuna "il moto", nomino ya kiume yenye maana ya mwendo, ambayo wingi wake ni "i moti". Kuna pia "la moto", nomino ya kike iliyofupishwa kutoka "motocicletta", yaani pikipiki, na wingi wake ni "le moto". Asili yao ya mbali inakutana kwenye kitenzi cha Kilatini cha kusogeza, lakini jinsia na wingi vinatofautiana, kwa hiyo ni vidahizo viwili. Nayo "motokaa" ya Kiswahili imetoka upande huo wa pikipiki kupitia Kiingereza. Haihusiani hata kidogo na moto wa jikoni.

Kilingala ndicho kinachofundisha zaidi, kwa sababu hicho si lugha ngeni kwetu. Ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili, na mlichokiona humo kama neno moja ni maneno mawili. La kwanza ni "moto" lenye maana ya mtu, wingi wake "bato". La pili ni "mɔ́tɔ", yaani moto unaowaka, ambapo "ɔ" ni "o" inayotamkwa kwa mdomo uliofunguka zaidi. Watu wengi wakiandika kwa kawaida huacha alama, na maneno yote mawili hutokea "moto". Hata wazungumzaji wasiotofautisha irabu hizo mbili bado huyatenganisha kwa toni: la mtu liko chini mwanzo hadi mwisho, la kuwaka huanza juu na kushuka.

Hapa ndipo swali lako la pili linapopata jibu. Ukisikiliza sauti tu, utasema "moto" ya Kiswahili na "moto" (mtu) ya Kilingala ndiyo maneno ndugu, maana yanafanana herufi kwa herufi. Sivyo. Ndugu wa "moto" (mtu) ya Kilingala ni "mtu" yetu, ambayo zamani ilikuwa "mutu", na Waswahili wa Kongo husema hivyo hadi leo. Tunajuaje? Kwa sababu mahali ambapo Kiswahili kina "u" ya aina hiyo, Kilingala huwa na "o", tena si katika neno hilo peke yake. Kiambishi cha sisi ni "tu-" kwetu na "to-" kwao. Kitenzi chetu huanza na "ku-", chao na "ko-": kuona, komona. Na "wa-" ya watu kwetu ni "ba-" kwao. Kibantu cha kale kilikuwa na irabu saba. Kiswahili kimebaki na tano, Kilingala sanifu kimehifadhi saba, na ndiyo maana "o" yetu ya "moto" inaangukia kwenye "ɔ" yao na si kwenye "o".

Wanaisimu huita jambo hili ulinganifu wa sauti unaojirudia, na ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote. Undugu hauthibitishwi na neno moja lililofanana. Unathibitishwa na tofauti ile ile inayojitokeza tena na tena katika maneno mengi ya kila siku. Ndugu wa kweli mara nyingi hawafanani sura kabisa; wanaofanana mno bila kufuata kanuni ndio wa kushukiwa.

Na Kijapani? "Moto" yake yenye maana ya asili au msingi haina ulinganifu wowote na Kibantu wala na Kitaliano. Ni sadfa. Najua wengi hawaridhiki na jibu la sadfa, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua konsonanti 10 za kawaida na irabu 5. Unapata silabi 50 za mtindo wa "mo" na "to". Maneno ya silabi mbili yanayoweza kuundwa ni 50 mara 50, yaani 2,500 tu. Sasa chukua lugha mbili zisizojuana, kila moja ikiwa na maneno 500 ya muundo huo yaliyotawanyika bila mpangilio. Umbo lolote la lugha ya kwanza lina nafasi moja kati ya tano ya kuwemo kwenye lugha ya pili. Utapata maumbo kama 100 yaliyogongana, bila undugu na bila kukopeshana. Lugha halisi haziko sawasawa namna hiyo, lakini kiini ni hicho, na duniani kuna lugha zaidi ya 7,000. Ajabu ingekuwa kutokuta "moto" kwingine. Jaribu "sana": Kifini ni neno, Kituruki ni "kwako wewe", Kiindonesia ni "kule", Kihispania ni "mwenye afya" kwa jinsia ya kike.

Endelea na hesabu hiyo hiyo uone jambo linalowapoteza watu wengi zaidi. Tuseme lugha hizo mbili zina maana 500 zile zile. Nafasi ya maana moja kupewa umbo lile lile pande zote ni 1 kati ya 2,500. Kwa maana 500, wastani ni 0.2 kwa kila jozi ya lugha. Ukiilinganisha lugha yako na nyingine 100, tegemea kama maneno 20 yanayofanana umbo na maana pia, kwa bahati tupu. Mfano maarufu ni wa Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Queensland, Australia, iliyochunguzwa na mwanaisimu R. M. W. Dixon. Mbwa kwao aliitwa "dog", karibu sawasawa na Kiingereza. Lakini hawakuazima. Lugha jirani ya Kiyidiny ina "gudaga". Kimbabaram kiliangusha silabi ya kwanza na irabu ya mwisho, na "a" ya katikati ikawa "o" kwa kanuni za lugha yenyewe. Kwa hiyo mtu akikuletea orodha ya maneno kumi yanayofanana umbo na maana ili kuthibitisha kwamba lugha mbili za mbali ni ndugu, mwombe kwanza kanuni za sauti.

Ukopaji ni njia nyingine, nao una dalili zake. "Bendera" ni bendera kwa Kiswahili na kwa Kiindonesia, kwa kuwa sote tuliichukua kwa Wareno, "bandeira". "Dunia" vilevile, ila hiyo sote tuliipata kwa Kiarabu. Mfano ninaoupenda ni "gereza" yetu na "gereja" ya Kiindonesia. Kwao ni kanisa. Yote mawili yametoka kwenye "igreja" ya Kireno, yaani kanisa, na pande zote mbili zilidondosha "i" ya mwanzo na kupachika "e" kati ya "g" na "r". Jozi ya "z" kwetu na "j" kwao inaonekana pia katika meza na "meja". Maana ndiyo iliyohama. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kwenye pwani ya Afrika Mashariki kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya ngome, jina likahamia kwenye ngome, na ngome zikaishia kufungia watu. Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilitumiwa na Waingereza kama jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ukopaji huacha nyayo za namna hii: watu waliokutana, njia waliyopitia, kitu kilichobebwa. Panapokosekana historia ya kukutana, usiandike "limekopwa".

Maneno ya kitoto kama "mama", "baba" na "dada" yaweke kando kabisa usiyatumie kama ushahidi. Watoto kila mahali huanza na silabi hizo, na wazazi huzipa maana wanayoitaka. Kwa Kijojia "mama" ni baba mzazi, na mama ni "deda".

Sasa kanzidata yenu. Ufunguo wa kila kidahizo uwe na sehemu tatu: msimbo wa lugha (sw, ln, it, ja), umbo kamili, na namba ya homonimu (maneno tofauti yenye umbo moja) pale lugha moja inapokuwa na zaidi ya neno moja la umbo hilo. Umbo kamili lihifadhiwe na alama zake zote, "mɔ́tɔ" na si "moto". Kwa Kijapani hifadhini hati yake halisi, kwa sababu "moto" ya herufi za Kilatini inaficha maneno yanayoandikwa 元, 本 na 下, na hilo la mwisho ni "chini ya". Tahajia iliyovuliwa alama iwe safu ya pembeni ya kutafutia tu. Hiyo ndiyo itakayomwonyesha mtumiaji "moto" zote kwa pamoja, jambo ambalo nadhani mwenzako alikuwa analitaka tangu mwanzo. Asili ya neno ipewe jedwali lake, lenye kiungo cha aina moja kati ya mbili, urithi au mkopo, na pasipo na ushahidi kiungo kisiwepo. Kama mtajaza jedwali hilo kwa mashine inayopima ufanano wa herufi, matokeo yake yaingie kwanza kama mapendekezo yanayosubiri mtu, kwa maana mashine hiyo itaunganisha "moto" na "moto" kwa furaha na kuikosa "mtu".