Bathtabu ya zamani ghorofani: tuitoeje?

SWALI: Assalam aleikum fundi. Sisi tuko Mkomani hapa Lamu, nyumba ni ya marehemu babu, ya mawe na boriti. Chooni ghorofani kuna bathtabu ya chuma ya siku nyingi, rangi imebanduka, tundu limeshika kutu, na chini chumbani kwa mama dari imeingia doa la maji. Mume wangu ataka tuitoe tuweke ingine kama hiyo. Fundi mmoja asema ataivunja papo hapo kwa nyundo, siku moja kazi imekwisha. Mimi roho yangu yasita. Tufanyeje?
Mama Z., Mkomani

JIBU: Waaleikum salaam mama. Roho yako imekwambia kweli. Kabla hujamruhusu mtu aingie na nyundo, nakuomba ushuke kwanza chumbani kwa mama uangalie lile doa, manake kazi yenyewe iko hapo.

Mtu apande ngazi na bisibisi, azisukume boriti zilizo karibu na doa, hasa pale zinapoingia ukutani. Boriti nzima hukataa. Mwaka jana nyumba moja hapa mjini nlisukuma, bisibisi ikazama mpaka mpini kama kwenye muhogo wa kuchemsha, na juu yake watu walikuwa wanaoga kila siku wala hawana habari! Sasa piga hesabu: bathtabu ya chuma kizito cha kusubu yafika kilo 150 tupu, maji lita 150 nayo ni kilo 150, mtu kilo 70, jumla 370, na yote imesimama kwa miguu 4 tu. Ukikuta boriti imelainika, hio ndio kazi ya kwanza, egemezeni kwa nguzo huko chini na mama ahamie chumba kingine mpaka ibadilishwe.

Kuitoa yategemea ni chuma gani. Shikeni upande mmoja watu wawili, ikiinuka ni bati la enameli, hio yabebwa tu. Ikikataa kabisa basi ni ya kusubu, na kwa ngazi zetu hizi nyembamba zenye kona haitashuka nzima. Kuvunja kwa nyundo watu huvunja, lakini sio juu ya sakafu ya boriti na chokaa, kishindo kile chaangusha lipu kila chumba. Mimi ningeikata kwa grenda vipande vya kubebeka, hata zikipita siku 2, ndoo ya maji iwe karibu kwa ajili ya cheche, na fundi avae miwani, glavu nene na barakoa nzuri manake enameli za zamani zaweza kuwa na madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu, watoto wasikaribie lile vumbi. Kabla ya hapo fungeni maji ya tangi, fungueni trapu, ile paipu iliyopinda chini ya tundu, na tundu la paipu mzibe kwa kitambaa harufu isipande. Vipande mpakieni punda lakini fungeni kwa magunia, kingo zake zakata kama chupa.

Kuhusu kuweka ingine, mwambie baba watoto kwa heshima kwamba kama ile ile mimi sishauri. Wazee wetu waliteka maji kwa kata kutoka kwenye birika, lile tangi la kujengwa la maji ya kuogea, wakajimwagia, na samaki wadogo mle ndani walikula viluwiluwi vya mbu. Shawa yenye sakafu ya mteremko ni kuoga kule kule kwa kujimwagia, na maji yenyewe hapa Lamu twayajua yalivyo shida. Akishikilia bathtabu basi iwe ya akriliki, yaani plastiki ngumu, karibu kilo 30, ikae juu ya mbao zinazokatiza boriti kadhaa uzito usambae. Paipu ya maji machafu ishuke sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Na silikoni ipakwe bathtabu ikiwa imejaa maji, ibaki hivyo mpaka ikauke, la sivyo siku ya kwanza kuoga itashuka kidogo na ule mstari utapasuka, mrudi kule kule kwenye doa.

Ukuta mzibe kwa chokaa, sio saruji, mawe yetu ya matumbawe yanapumua na saruji hufungia chumvi na unyevu ndani. Na kama kuna boriti au ukuta wa kuguswa, pitieni kwanza ofisi ya makumbusho, Mji wa Kale uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001.

Mkimaliza jazeni maji pomoni, muache usiku kucha, asubuhi mtu ashuke na tochi atazame dari kabla mama hajarudi chumbani kwake.